Sura ya Tano: Maiti Iliyovuka Songwe

Filemoni hakuigusa chai. Sajenti Zubery alikuwa ameiagiza kwa makusudi, yenye maziwa na sukari ya kutosha, maana katika miaka kumi na mmoja ya upelelezi alikwisha kuona kwamba mtu akinywa chai yako huona haya kukudanganya. Huyu wa leo aliitazama tu mpaka utando ukaganda juu.

"Nakuuliza tena. Jumatatu ile kivukoni, wewe na Jailos mligombania nini?"

"Mambo ya kazi, Bwana Sajenti."

"Watu wanne wanasema ulimkamata shati. Jumanne asubuhi Jailos kaokotwa kwenye matete, amekufa. Jumatano wewe mwenyewe ukavuka mto ukaja matangani. Ulikuja kutafuta nini?"

"Nilikuja kumlilia. Alikuwa rafiki yangu."

"Basi nisaidie nimjue aliyemuua rafiki yako. Mligombania nini?"

"Maneno yangu na Jailos yamezikwa naye," alisema Filemoni, akainamisha kichwa.

Ilikuwa Alhamisi, mwezi wa Juni, mwaka 1955, katika kituo cha polisi cha Mbeya, na baridi ya asubuhi ilikuwa bado haijatoka chumbani. Filemoni alikuwa askari wa wanyama wa upande wa Nyasaland. Jailos, marehemu, alikuwa askari wa wanyama wa upande wa Tanganyika. Kati yao ulipita Mto Songwe, ambao ndio mpaka wa nchi hizi mbili. Karibu miaka miwili nyuma serikali zote mbili zilikubaliana kuulinda kwa pamoja: maili moja ya ardhi kila ukingo, kutoka vilimani hadi ziwani, asiuawe humo kiboko wala sheshe, yule swala wa mabondeni. Mnyama hana cheti cha kuvukia. Hulala Tanganyika akaenda kula Nyasaland.

Kila Jumatatu askari hao wawili walikutana kivukoni, wakaandika waliyoyaona katika daftari moja. Wiki hii daftari lililala huku, wiki ijayo likalala kule. Kila mmoja aliruhusiwa kuvuka akakague upande wa mwenzake, kwa sharti moja tu, kwamba bunduki aiache nyumbani. Wakubwa waliona kwamba askari akiingia na bunduki katika nchi ya watu, hiyo tena si hifadhi.

Bwana Mkubwa wa polisi alikuwa ameridhika na kesi yake. Ugomvi ulionekana, maiti iliokotwa Tanganyika, na mtuhumiwa alikamatwa Tanganyika. Jumatatu ijayo Filemoni angefikishwa kwa hakimu, na kosa la kuua kwa kukusudia lilikuwa na adhabu moja, nayo ni kitanzi. Zubery alikuwa ameomba siku tatu. Alipewa, lakini kwa uso wa mtu anayemruhusu mwenzake kwenda kupoteza muda.

Kilichomkera Zubery kilikuwa barua ya daktari wa Tukuyu. Jeraha lilikuwa moja, limeingia juu ya bega la kushoto karibu na shingo, likashuka wima mpaka kifuani. Filemoni alikuwa mfupi kwa Jailos kwa kichwa kizima. Mtu mfupi humchomaje mrefu kutoka juu? Bwana Mkubwa alisema labda marehemu alipiga magoti kuomba asiuawe. Zubery hakubisha. Alirudi mezani kwake akafungua mfuko wa vielelezo.

Ndani mlikuwa na shati la kaki, kaptura na soksi ndefu za sufu. Ndani ya sufu ya soksi, kuanzia kifundo mpaka chini ya goti, kulikuwa na punje za mpunga zilizokwisha kukomaa. Alizichomoa moja moja kwa ncha ya kisu, akazifunga katika karatasi. Kisha akalichukua daftari la hifadhi, lililokuwa kwa Jailos wiki ile, akaliweka mbele ya Filemoni.

"Wewe unaandika vizuri. Hata ulipougua homa uliandika: naumwa, sikuona kitu. Hujaruka Jumatatu hata moja."

Zubery akafunua ukurasa wa mwisho.

"Soma ya Jumatatu hii. Jailos kaandika: viboko kumi na wanne, mtego hakuna. Chini yake wewe umeandika tarehe na jina lako. Halafu nafasi tupu."

Kwa mara ya kwanza Filemoni aliinua macho. "Nilisahau."

"Karibu miaka miwili hujasahau, ukaja kusahau siku ya ugomvi?"

Hakujibu tena. Lakini Zubery aliona midomo yake inatetemeka, na mtu aliyeua hatetemeki kwa kuonyeshwa mstari usio na maandishi. Kimya kile kilikuwa na mtu ndani yake, mtu aliyekuwa akilindwa. Sajenti alimsukumia kikombe karibu, akamwambia anywe ijapokuwa imepoa, akatoka kwenda kutafuta gari.

*

Ijumaa alfajiri waliondoka Mbeya, Zubery na Konstebo Alinanuswe, wakapanda mpaka Tukuyu katika manyunyu, kisha wakateremka Kyela kwenye joto. Zubery alikuwa mzaliwa wa Iringa, mjukuu wa mfanyabiashara aliyetoka pwani na misafara. Baridi aliizoea, lakini joto la bonde lile la ziwa lilimtoa jasho mpaka soksi zikalowa. Alinanuswe, Mnyakyusa wa huko huko, mtu wa miaka arobaini na mzee wa kanisa, alimtazama pembeni akacheka.

"Babu yako angeona aibu, afande. Mtu wa pwani anashindwa na joto?"

"Babu yangu alikuja huku akilikimbia. Mimi wamenirudisha kwa amri."

Huo ndio ulikuwa utani wa mwisho siku ile. Walipofika ukingoni mwa Songwe, Alinanuswe alimwonyesha mahali penyewe, na sauti yake ikashuka. Yeye ndiye polisi wa kwanza kufika Jumanne, kwa kuwa alikuwa likizoni kijiji cha jirani.

"Alikuwa amelalaje?"

"Chali, afande. Mikono kifuani. Uso kafunikwa jani la mgomba."

"Nani alimfunika?"

"Wakata matete waliomwona walisema wamemkuta hivyo hivyo."

"Mbona hukuandika?"

Alinanuswe alikuna shingo. "Nilidhani ni heshima tu za watu. Jani ni jani."

"Muuaji gani anamlaza mtu vizuri na kumfunika uso asiliwe na nzi?" Zubery aliuliza, naye hakungoja jibu. Alichuchumaa akapekua matete. Damu haikuwapo, ila doa moja kavu kwenye matete alipolazwa mgongo. Mti haukuwapo wa kumwezesha mtu kumchoma mwenzake kutoka juu. Mpunga wa upande huu ulikuwa umekwisha kuvunwa wiki mbili nyuma, yamebaki mashina makavu. "Bunduki yake iko wapi?"

"Nyumbani kwake, ukutani. Mkewe alinionyesha."

"Askari wa wanyama anatoka alfajiri kwenda kwa viboko, bunduki anaiacha ukutani. Kwa nini?"

Alinanuswe aliwaza, halafu akageuka taratibu kuutazama mto. "Alikuwa anavuka."

"Alivuka akiwa hai, akarudishwa akiwa maiti. Na maiti haijui kupiga kasia." Zubery alisimama akapangusa magoti. Ng'ambo ya maji ya kahawia kilionekana kipande cha mpunga wa manjano, haujavunwa, na katikati yake njia pana zilizolazwa na miili mizito. "Ule wa nani?"

"Wa mzee Asukile, baba yake marehemu. Mvua za Aprili ziliuhamisha mto, afande. Ulikata njia mpya upande huu, shamba la mzee likabaki kule. Mzee amelala Tanganyika, akaamka mpunga wake uko Nyasaland, ndani ya hifadhi ya watu, na viboko wanakula."

Zubery akajenga hoja yake ya kwanza, nayo ilikuwa mbovu, ingawa pale ukingoni ilionekana imesimama. Jailos kavuka kulitazama shamba la baba yake, Filemoni kamvizia humo, kamuua, kisha kamvusha ili ionekane kauawa na watu wa huku. Kasoro ilikuwa jani la mgomba. Halikukaa mahali popote katika hoja ile, kila alipoligeuza.

*

Nyumba ya kwanza kutoka mtoni ilikuwa ya mama mmoja mjane, Damari, aliyekuwa akipeta mchele barazani. Alikuwa na macho makali na mdomo usiopenda likizo.

"Jumanne hiyo mimi nimeamka kabla ya jua," alisema. "Nimeona mtu mmoja tu. Ikupa, mke wa marehemu, anashuka kuchota maji na mtungi wake. Halafu akaacha njia! Akaingia kwenye migomba pale, akachuchumaa, akajifunika kanga kichwa kizima. Akakaa hivyo, akakaa, ndio akatoka."

"Alikuwa anajificha? Nani alikuwa anapita?"

"Toka hapa njia ya chini huioni, migomba inaziba. Nimeona Ikupa tu." Alitaka kuongeza neno, akamtazama Alinanuswe, akaurudisha uso kwenye ungo wake.

Mke wa marehemu kajificha alfajiri ile ile ya kifo. Zubery alikuwa amekwisha kuona mambo ya namna hiyo Iringa, Mbeya, na hata njiani baina yake: mke, mwanamume wa pembeni, na mume aliyetangulia kaburini. Aliongeza mwendo.

Walimkuta Ikupa katika nyumba yake, amekaa kwenye kigoda karibu na mafiga, kichwa kimenyolewa. Nje, kando ya kaburi jipya, wanaume wa matanga walikaa juu ya majani makavu ya migomba. Wanawake wawili walikuwa naye ndani. Zubery aliwaomba watoke. Ikupa hakuwa na umri mkubwa, labda miaka ishirini na miwili, na macho yake yalikuwa makavu kabisa.

"Pole sana kwa msiba, mama. Jumanne alfajiri, ulipokwenda mtoni, ulikutana na nani?"

"Sikumwona mtu, Bwana."

"Uliacha njia ukajifunika kichwa migombani. Ulikuwa unamkimbia nani?"

"Sikumwona mtu."

"Kuna mwanamume hapa kijijini anayekupenda?"

Uso wake uliungua kwa aibu, lakini hakuinua macho. "Bwana, mume wangu ana siku tatu kaburini."

"Na mtu mwingine yuko Mbeya anangoja kunyongwa! Ukinificha jina, unamnyonga wewe. Nani alipita njia ile?"

Ikupa alifungua mdomo, akaufunga. Alishika ukingo wa kigoda mpaka vidole vikabadilika rangi. Ilionekana wazi kwamba alikuwa na jibu na kwamba halitoki. Zubery alivuta pumzi ili aongeze ukali, na hapo Alinanuswe akamgusa mkono, jambo ambalo konstebo halifanyi kwa sajenti.

"Afande, tutoke nje kidogo."

Walisimama nyuma ya nyumba. Alinanuswe alivua kofia akaishika kwa mikono miwili.

"Hakuna hawara, afande. Ungeniuliza mimi kwanza. Kwetu mwanamke akiolewa, humpisha baba wa mume wake. Hamtazami, hasemi naye, halitaji jina lake mpaka kufa. Akimsikia njiani, anaacha njia, anajifunika, anangoja apite. Hata sisi wa kanisani tumeshindwa kuiacha. Wachungaji wamesema mpaka wamechoka. Dunia nzima, yule mtoto anampisha mtu mmoja tu."

"Mzee Asukile."

"Sijasema mimi," alisema Alinanuswe, akatazama chini. "Tangu kwa Damari nimejua. Mdomo ulikuwa mzito. Mzee yule ndiye aliyenifundisha kusoma."

Zubery aliona haya, na alistahili. Alikuwa amemtukana mjane mbele ya mafiga yake kwa kutojua desturi ambayo kila mtoto wa bonde lile huijua. Siri ya mtungi aijuaye kata, naye alikuwa amekuja na nyundo. Walirudi ndani, akakaa chini sakafuni, akamwacha Alinanuswe aulize.

"Dada, hatukuulizi ulimwona nani. Tunajua hukuona. Tuambie ulisikia nini."

Mabega ya Ikupa yalishuka. "Nilisikia miguu. Nilijua ni yeye kwa kikohozi."

"Miguu ya namna gani?"

"Mizito. Alikuwa na mzigo, anahema. Alipofika pangu akasimama kupumzika. Nikajifunika zaidi."

"Alisimama karibu?"

Alipima kwa macho toka kigodani mpaka ukutani. "Kama hapa na pale. Muda wa kusali Baba Yetu. Niliisali, nikamwombea. Nikasema moyoni, maskini, mzee leo kabeba mkungu mkubwa, na Jailos hayupo wa kumpokea."

Alinanuswe hakuweza kuuliza swali jingine. Alijifanya anatafuta penseli. Zubery ndiye aliyesema ahsante, akainuka, akatoka haraka kabla mwanamke yule hajasoma kitu katika nyuso zao.

*

Kivukoni mwenye mtumbwi alisita kuwavusha. Polisi wa Tanganyika, alisema, hana ruhusa ng'ambo. Zubery alimwonyesha jiwe la mpaka lililowekwa na wapimaji, ambalo sasa lilisimama peke yake mbali kule, nyuma ya shamba la mpunga, kwenye mkondo wa zamani uliokauka.

"Jiwe lile kule bado linasema tuko kwetu. Mto ndio uliohama, mimi sijahama."

Katika shamba la Asukile hakukuwa na haja ya kutafuta sana. Njia ya viboko ilipita katikati ya mpunga hadi kati ya mikuyu miwili mikubwa. Juu ya tawi moja gome lilikuwa limechubuliwa na kamba. Chini yake udongo ulikuwa umelimwa upya kwa jembe, na Zubery alipoufukua kwa mkono alikuta, shubiri moja chini, udongo mweusi ulioshikana kwa damu. Hatua kumi mbele palikuwa na majivu, na ndani yake kipande cha gogo zito lililoungua nusu. Mwisho wake ulikuwa na tundu lililotobolewa ili kushika shina la mkuki.

"Mtego wa kuning'iniza," alisema Alinanuswe. "Gogo na mkuki vinafungwa juu, kamba inapitishwa chini kwenye majani. Kiboko akiikanyaga, linamshukia shingoni. Sheria ya hifadhi imekataza. Kifungo."

Kiboko hushukiwa shingoni. Mtu mrefu anayetembea chini yake hushukiwa begani. Zubery aliangalia njia ile iliyolazwa, akapima urefu wa tawi kwa macho. Sasa nafasi tupu ya daftari nayo ilikuwa imejaa. Filemoni aliuona mtego huu. Alipaswa kuuandika Jumatatu, na akiuandika mzee Asukile anafungwa na mwanawe anafukuzwa kazi. Akamkamata rafiki yake shati, akamwambia akautoe. Akaiacha nafasi wazi wiki moja ili Jailos apate kumwokoa baba yake. Kisha rafiki akafa, na Filemoni akaona ni afadhali anyongwe kuliko kumwambia baba mtu kilichomuua mwanawe. Hakujua kwamba baba alikuwa wa kwanza kujua.

*

Mzee Asukile alikuwa amekaa kando ya kaburi, mgongo umeegemea mgomba, mikono mitupu juu ya magoti. Alikuwa mkubwa wa mwili kwa umri wake, lakini tangu Jumanne hakuwa ameweka kitu mdomoni, na mashavu yalikwisha kuingia ndani. Zubery alivua kofia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Zubery alikaa naye juu ya majani. Wanaume wengine, walipoona jinsi alivyokaa, waliondoka mmoja mmoja bila kuambiwa. "Nimetoka shambani kwako."

Mzee aliitikia kwa kichwa polepole, kama aliyengoja habari ile siku nyingi. "Mpunga umelika wote?"

"Umebaki kidogo."

"Basi." Aliposema tena, alisema bila kusukumwa, na Alinanuswe aliyesimama nyuma alifungua kitabu chake akaanza kuandika. "Jumatatu jioni alikuja kwangu. Akaniuliza, Tata, baba yangu, una kitu chochote ng'ambo? Nikamwambia, sina. Akauliza mara ya pili. Nikasema, sina, mwanangu. Mimi, mwenye kiti changu mbele kanisani."

"Kwa nini ulikana?"

"Kazi yake ilikuwa kuandika. Nikikiri, ataandika baba yake afungwe, au ataandika uongo. Sikutaka aandike uongo. Basi nikausema mimi." Kikohozi kilimkata, akangoja kiishe. "Nikasema moyoni, kesho alfajiri nitavuka nikautoe, hatajua. Nilivuka. Nikamkuta amenitangulia."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Msimuliaji hana la kuongeza hapo. Zubery mwenyewe alitazama pembeni, kwenye migomba, mpaka mzee alipokuwa tayari.

"Ulimvusha wewe?"

"Kwa mtumbwi wangu mdogo. Angebaki kule wangemchukua Karonga, wakamzika kama mgeni. Huyu kazaliwa huku. Nilitaka nimlete hapa, nyumbani kwake, nimlaze ndani."

"Lakini ulimwacha kwenye matete."

Mzee aliufunika uso kwa viganja. "Nilikutana na mke wake. Akanipisha. Mtoto mwenye adabu yule, hajanikosea hata siku moja. Kainama pale na mtungi wake, na mimi nimembeba mume wake begani. Nilisimama. Nilitaka kumwita, na kwetu siwezi kumwita. Miguu ikakataa kwenda nyumbani kwake. Nikageuka nikarudi mtoni kwa njia nyingine."

"Na Filemoni? Walimkamata hapa hapa, mbele yako."

"Nilisema watamwachia, hana kosa. Kila siku nilisema nitakwenda kesho. Woga, mwanangu. Nilimwogopa huyu mtoto aliyemo ndani kuliko serikali."

Zubery alimweleza taratibu yatakayofuata. Jioni hii angepiga simu kutoka Tukuyu, Filemoni afunguliwe. Mzee angeandamana nao Mbeya. Kosa la mtego lilikuwapo, na kifo kilichotokana nao hakimu ndiye angekipima, lakini kitanzi Zubery hakukiona popote katika jambo hili. Mzee alisikiliza kwa adabu. Haikuonekana kwamba tofauti ya kitanzi na kifungo ilimgusa.

Ndipo mlango wa nyumba ulipofunguka. Kuta za mianzi hazizuii maneno, na hakuna aliyekuwa amelifikiria hilo. Ikupa alitoka. Wanawake wawili walimshika kanga, mmoja akapiga ukelele wa hofu, akiwasihi wamrudishe, baba mkwe yuko pale. Akaiacha kanga mikononi mwao. Alikuja moja kwa moja kwenye majani, kichwa wazi, akasimama mbele ya mzee Asukile na kumtazama usoni. Kwa miaka mitano ya ndoa yake hakuwa amewahi kujua sura ile ikoje. Ilikuwa sura ya Jailos.

Mzee, kwa mazoea, aligeuza uso. Kisha akaurudisha.

"Tata," alisema Ikupa. Sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtu anayetumia neno kwa mara ya kwanza. "Ulipokuwa umembeba. Kichwa chake ulikishika?"

Mzee aliinua mkono wake wa kulia.

"Nilikishika, mwanangu. Kwa mkono huu. Hakikuning'inia hata mara moja."

Ikupa aliitikia kwa kichwa. Akakaa chini pale pale miguuni pa baba mkwe wake, na kwa mara ya kwanza tangu Jumanne akalia kwa sauti, na mzee akalia naye, na hakuna mwanamke aliyethubutu tena kuwatenga.

Alinanuswe alikuwa amesimama na penseli hewani, macho yamejaa. Aliinama sikioni mwa Zubery akauliza kama hilo nalo liingie katika maelezo ya polisi.

"Liandike," alisema Zubery. "Liandike lote, kama walivyolisema."